Dawa za nusukaputi na kiharusi: ushahidi umefika wapi?

Ndugu Mhariri,

Habari kwamba dawa za nusukaputi huweza kuukinga ubongo wakati wa kiharusi zimetufikia huku Busia, na watu wananiuliza wodini na hata sokoni. Kazi yangu ni kuwapa wagonjwa usingizi wa upasuaji, kwa hiyo naomba nafasi niwajibu.

Msingi wa habari hizo ni wa kweli. Mshipa wa ubongo ukiziba, seli zilizokosa damu humwaga kemikali iitwayo glutameti. Kemikali hiyo hufungua milango ya seli jirani, kalsiamu ikaingia kupita kiasi, nazo zikafa. Ketamini, dawa ya nusukaputi ambayo hospitali nyingi za wilaya hapa Uganda zinaitegemea, hufunga mlango mmojawapo. Gesi ya zenoni nayo hufunga mlango huohuo. Propofoli, dawa nyingine ya usingizi, hupunguza kazi ya ubongo, ukahitaji oksijeni kidogo. Panya waliopewa dawa za aina hii karibu na wakati wa mshipa kuzibwa wamewahi kuonekana na majeraha madogo zaidi.

Lakini panya wa maabara mara nyingi ni kijana na mzima, tena mtafiti anaijua dakika mshipa ulipozibwa. Wagonjwa wetu wengi wana presha ya miaka mingi isiyotibiwa, na hufika kesho yake. NXY-059, dawa ya majaribio ya kukinga ubongo ambayo si ya usingizi, nayo ilifanya vizuri kwa wanyama. Jaribio la 2006 kwa watu likatia moyo, na lile kubwa zaidi la 2007 halikuona faida. Mpaka sasa hakuna dawa ya nusukaputi iliyothibitishwa kuokoa ubongo wa mtu aliyepata kiharusi.

Na madhara yake nayajua kwa mikono yangu. Kandokando ya sehemu iliyokufa kuna sehemu ambayo bado inapambana, inaishi kwa damu kidogo inayopenya kutoka mishipa ya pembeni. Propofoli hushusha presha, na presha ikishuka damu hiyo hukatika. Ketamini mara nyingi huipandisha. Sasa kama kiharusi chenyewe si cha mshipa ulioziba bali uliopasuka, si damu itazidi kuvuja? Bila CT skani, yaani picha ya ndani ya kichwa, huwezi kujua kwa hakika ni kiharusi cha aina gani.

Ndiyo maana nilimkatalia mama mmoja aliyeniomba nimchome mumewe ketamini. Mzee alikuwa amepinda mdomo, na shangazi anamnywesha uji kwa kijiko, mwingine unachuruzika kidevuni, mwingine unampalia. Tuliuondoa uji, tukamlaza ubavu, tukampima sukari. Jamani, mgonjwa wa namna hiyo asilishwe chochote, na aletwe saa ileile. Hata dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Hata hivyo sitaki utafiti huu uachwe. Ketamini ni ya bei nafuu na imo kabatini mwetu, lakini hakuna kampuni itakayotajirika kwa kuijaribu. Jukumu hilo ni la serikali na vyuo vyetu, Makerere na Mbarara, na jaribio lifanywe kwa wagonjwa wa hapahapa wenye presha zao. Naomba gazeti lako liwaulize wahusika kama jaribio la namna hiyo limo katika mipango yao.

Mtaalamu wa nusukaputi,
Busia, Uganda