Sauti Iliyokauka

Wells-next-the-Sea, Norfolk, Uingereza
Desemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Jumapili kwenye simu uliniuliza mbona sauti imekauka, nikakujibu haraka haraka kuwa ni kikohozi. Nilikuwa nimetoka ufukweni, nimeshinda huko peke yangu.

Huku maji yakipwa huenda mbali mpaka huyaoni. Unabaki mchanga mtupu, na nyuma yake kinamasi cha chumvi kilichokatwakatwa na hori, yaani vijito vya maji ya bahari, na tope jeusi linalong'ang'ania kiatu. Majira ya joto watu hujaa tele. Sasa vibanda vya mbao vya rangi rangi vimefungwa, na nyayo mchangani zilikuwa zangu na za mbwa mmoja.

Mabata bukini walipita juu kwa mamia. Hutoka Iceland na Greenland kuja kukimbia baridi. Kumbe kuna viumbe ambao kwao huku ndiko kwenye joto! Ukingoni mwa maji kulikuwa na ndege wadogo weupe: wimbi likirudi wanalifukuza, likija wanatimua mbio, miguu haionekani. Huzaliana kaskazini kabisa kwenye nchi za baridi kali, na wengine wa aina hiyo hupitiliza mpaka mwambao wa Afrika. Niliwatazama mno, nikasahau saa.

Nisikufiche, hapo nilikosea. Nilikuwa nimesimama kwenye fungu la mchanga, mwezi mpevu, bamvua, maji yakijaa kuliko kawaida. Mbele yangu bahari ilionekana bado iko mbali, lakini maji ya hapa hayakujii kwa mbele. Hupenya kwanza kwenye hori lililo nyuma yako, likajaa kimya kimya, ukajikuta umezungukwa. Wameweka king'ora cha kuonya watu. Kilipolia niligeuka nikakimbia, nikavuka maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Usiogope, Mama. Safari nyingine nitageuka mapema, kabla hayajaanza kujaa.

Nilikaa kwenye ngazi za kibanda kimoja nikikamua soksi. Jua lilizama hata saa kumi haijafika. Hapakuwa na mtu, nami nikaanza kusema Kiswahili kwa sauti. Mwanzo niliwasemesha ndege, halafu nikakusimulia wewe mambo ya mwaka mzima, ya kazini, ya chumbani, hata yale ninayokuficha. Upepo ulikuwa mkali, ikabidi nipaze sauti. Nilisema mpaka giza likaingia.

Kwa hiyo si kikohozi, Mama.

Mwanao