Mkataba wa tabianchi hauna mlinzi getini

Mhariri,

Tahariri yako ya Jumapili iliyopita ilitwambia kwamba dunia itaokoka na mabadiliko ya tabianchi iwapo viongozi watakuwa na nia njema. Niliisoma barazani mara mbili, mara ya pili kwa sauti, maana wenzangu miwani zao siku zote ziko nyumbani. Mmoja aliguna tu, akajimiminia kahawa. Mimi nimefanya kazi miaka thelathini na moja katika afisi ya wakala wa meli hapa Kilindini, nikipokea na kupeleka makaratasi, na sikumbuki meli hata moja iliyoachwa iondoke gatini kwa sababu nahodha wake alikuwa na nia njema.

Nianze na lami. Walio na umri wangu wanakumbuka: miaka ya sabini ukienda kuogelea, ulirudi na nyayo nyeusi. Mama yangu aliweka chupa ya mafuta ya taa na kitambaa mlangoni, na huingii ndani mpaka usuguliwe. Lami ile haikutoka barabarani. Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa tangu 1967 hadi 1975, meli za mafuta kutoka Ghuba zikawa zinapita upande wetu kuzunguka kusini mwa Afrika. Meli ikishashusha mafuta hujaza maji ya bahari kwenye matangi yale yale isije ikayumba, na kabla ya kupakia tena huyamwaga pamoja na masazo ya mafuta, ambayo huganda na kuja ufukweni kama lami. Mkataba wa kulikataza jambo hilo ulikuwapo, ulitiwa saini London mwaka 1954. Uliweka kiasi ambacho meli isizidishe kumwaga. Sasa nani atakwenda kupima, usiku, bahari kuu?

Dawa ilikuja na mkataba mwingine wa kuzuia meli kuchafua bahari, MARPOL, wa 1973 na nyongeza yake ya 1978. Huu haukumsihi nahodha ajizuie. Ulimwambia mwenye meli: ukiunda meli mpya kubwa ya mafuta ghafi, itie matangi ya maji peke yake, yasiyokutana na mafuta kabisa. Tangi ni chuma, halifichiki. Mkaguzi hulitazama meli ikiwa imefungwa kamba. Kama halipo, hakuna cheti. Kama hakuna cheti, bandari inakushika, na meli iliyoshikwa inamla mwenyewe fedha kila kukicha. Lami haikwisha siku moja, lakini wajukuu zangu hawajui mafuta ya taa mlangoni yalikuwa ya nini.

Hapo ndipo ninapoachana na tahariri yako. Mkataba wa London na MARPOL vyote viwili viliandikwa na serikali zile zile, zenye nia ile ile. Kilichotofautiana ni mahali pa kukagulia.

Sasa tazama mikataba ya tabianchi. Itifaki ya Kyoto ya 1997 iliziwekea nchi tajiri viwango vya kupunguza gesi. Marekani haikuiridhia, na Kanada ilipoona haitafikia kiwango chake ikatangaza kujitoa mwaka 2011. Hakuna aliyezizuia hata kontena moja. Mkataba wa Paris wa 2015 ukalegeza zaidi: kila nchi ijiandikie lengo lake, ilete jipya kila baada ya miaka mitano, na kamati ya kuangalia utekelezaji imeandikwa wazi kwamba haiadhibu. Marekani ikatoka 2020, ikarudi 2021, ikatangaza tena kutoka Januari 2025, kama mtu anayeingia na kutoka msikitini akitafuta viatu vyake. Na mwaka 2024, kwa hesabu za Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulikuwa mwaka wa kwanza joto la dunia kuzidi nyuzi 1.5 juu ya ilivyokuwa kabla ya zama za viwanda.

Siubezi mkataba wa Paris. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Paris imezipa nchi zote daftari moja la kuandikia. Karani hawezi kulidharau daftari. Lakini nimeona madaftari safi kabisa ya kampuni zilizofilisika.

Watu husema binadamu hawawezi kukubaliana juu ya hewa. Wameweza. Itifaki ya Montreal ya 1987 ilihusu gesi za mafriji na makopo ya kupuliza, zilizokuwa zikitoboa tabaka la ozoni. Kemikali zilitajwa kwa majina na kila moja ikapewa tarehe ya kuachwa. Nchi zilizotia saini zilikatazwa kuuziana kemikali hizo na nchi ambazo hazikutia, kwa hiyo aliyebaki nje alijikuta hana soko. Mwaka 1990 ukaundwa mfuko wa kuzilipia nchi maskini gharama ya kubadilisha viwanda na mitambo. Leo hakuna nchi ya Umoja wa Mataifa iliyo nje ya itifaki hiyo, na sekretarieti yake iko hapa hapa kwetu, Nairobi. Mwaka 2016, mjini Kigali, wakaongeza humo gesi nyingine za friji ambazo haziidhuru ozoni lakini zinapasha dunia joto. Fundi wa friji wa Majengo anatia gesi tofauti na ile aliyokuwa akitia mwalimu wake, na huenda hajawahi kusikia hotuba hata moja ya ozoni. Gesi ya zamani haiji tena madukani, basi.

Najua nitakachojibiwa. Gesi ya friji ni kitu kimoja; hewa ya ukaa imo katika saruji, matatu, umeme, mpaka mkate. Kweli, huwezi kuitafutia lango moja. Lakini kuna vitu vinavyopita milango michache, na hapo pa kuanzia ni meli, kwa sababu meli hata iwe na kiburi vipi lazima ije gatini. Meli peke yake zinatoa karibu asilimia 3 ya gesi hizi duniani.

Tena lango la bandari tumeshalijaribu na tukaona. Tarehe 1 Januari 2020 kiwango cha salfa katika mafuta ya meli kilishushwa duniani kote kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Kila meli inapojaza mafuta hupewa stakabadhi inayotaja kiasi cha salfa, na stakabadhi hiyo lazima ikae melini miaka mitatu. Kuanzia Machi mwaka ule, meli isiyo na mtambo wa kusafisha moshi haikuruhusiwa hata kuyabeba mafuta machafu ya kuendeshea. Ujanja wa "nilikuwa nayo tu, sijayachoma" ukafungwa. Niliwahi kumwona nahodha mmoja akitoka jasho afisini kwetu, feni iko juu yake, akipekua faili kutafuta karatasi moja tu.

Na liko jambo ambalo watu wa nchi kavu hawalijui. Siku moja kaa jioni kwenye bustani ya Mama Ngina, hapa ufukweni Mombasa, na mihogo yako ya ndimu na pilipili, usome nyuma ya meli zinazoingia majina ya bandari zilikoandikishwa: Monrovia, Majuro, Panama. Wenyewe wanaweza kuwa wako Ugiriki au China, bendera wameikodi penye masharti nafuu. Waandishi wa MARPOL waliliona hilo mapema. Meli ya nchi isiyotia saini ikiingia bandari ya nchi iliyotia saini, hukaguliwa sawasawa na nyingine, haipati nafuu yoyote kwa kuwa mgeni wa sheria. Kukaa nje ya mkataba hakumfaidii mtu. Nitajie kifungu cha namna hiyo katika mkataba wa Paris.

Ndiyo maana nilifuatilia sana mambo ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini mwaka 2025. Mwezi wa Aprili, kwa kura 63 dhidi ya 16, walikubaliana juu ya mpango ambao meli zenye ukubwa wa zaidi ya tani 5,000 za ujazo zingelipia hewa ya ukaa inayozidi kiwango, na fedha ziingie katika mfuko wa kusaidia mafuta safi na nchi zinazoendelea. Ilibaki kuupitisha rasmi Oktoba. Ilipofika Oktoba, Marekani ikatishia kuwekea ushuru na vikwazo vya viza nchi zitakazouunga mkono, na pendekezo la kuahirisha kwa mwaka mmoja likashinda kwa kura 57 dhidi ya 49. Kura nane. Magazeti yetu wiki hiyo yalijaa msiba wa Raila Odinga.

Mkwe wangu, muuza mchele Kongowea, ananiambia mzee acha, tozo hiyo itaishia kwenye bei ya kilo. Hakosei. Lango bila mfuko ni kodi ya maskini. Ulaya nayo imejijengea lango lake: tangu Januari 2026 chuma, saruji, alumini na mbolea vinavyoingia huko vinalipiwa kaboni yake, na fedha zinabaki huko huko. Nchi maskini inayouza bidhaa hizo huko inabebeshwa gharama ya moshi wakati watu wake wengi hawana umeme nyumbani. Montreal ilifanya kazi kwa sababu mkono uliofunga lango ndio uliotoa fedha. Kwa tabianchi, nchi tajiri ziliahidi Copenhagen mwaka 2009 dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, zilifika 2022. Baku, mwaka 2024, wakaahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, na waliokuwa wakiomba walitaka trilioni 1.3. Mkono mtupu haulambwi. Sisi tulioona mvua za Novemba 2023 zikigeuza barabara za Mombasa kuwa mito, na bahari ikiula msingi wa Fort Jesus mpaka ikabidi ijengewe ukuta, hatuwezi kungojea ahadi inayoahirishwa kila inapokaribia. Tozo ya meli ina sifa moja: ingekusanywa bila kumwomba bunge la mtu.

Kenya ni mwanachama wa shirika hilo la Usafiri wa Baharini, lenye makao London. Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mtume mwandishi wako akawaulize wanaohusika: mwezi wa Oktoba 2025 mjumbe wetu alipiga kura upande gani, na kwa agizo la nani? Na kama tozo itapita, Mombasa imeomba nini katika mfuko huo: umeme wa gatini ili meli zizime injini zikiwa zimefunga, au bado tunasubiri kuulizwa?

Na kama mwandishi wako hajawahi kuona stakabadhi ya mafuta ya meli, aje barazani kwetu, Mji wa Kale, baada ya sala ya alasiri. Ninayo nakala moja ya zamani nitamsomesha mstari kwa mstari. Kahawa ni juu yangu.

Wako,
Karani mstaafu wa meli,
Mombasa