Harambee ya vikao vyetu vya watathmini wa mazingira, jamani tusiache vife

Habari zenu kaka na dada, na wakuu zetu mliotutangulia kwenye kazi hii. Naandika kwa niaba ya kamati ya vikao vyetu vya mtandaoni, sisi tunaopima kama miradi ya mazingira imefanya kazi. Kusema ukweli tunaona haya kuja tena kuwaomba maana si muda mrefu tangu mtuchangie, ila hali imefika pabaya na tukikaa kimya vikao vitakufa hivihivi tunaviangalia, kwahiyo bora aibu ya kuomba.

Mnaohudhuria mnajua tatizo. Akaunti tunayotumia ni ya bure na ikifika dakika 40 inakata, iwe mtu kamaliza kuongea au hajamaliza. Kikao kilichopita msemaji wetu alikuwa anatuonyesha picha mbili za setilaiti za eneo moja la mradi wa kurudisha msitu, ya zamani na ya karibuni, na hiyo ya karibuni imejaa kijani mpaka unatamani kupiga makofi, na ripoti ya mradi ilishasema msitu umerudi. Yeye akaenda kwa miguu. Kijani chote kile akakuta ni vichaka vya mmea vamizi uliotoka mbali, miche iliyopandwa mingi ilishakauka zamani, ukiinama unaona vijiti vyake vimesimama humohumo chini ya vichaka. Pikseli moja, yani kile kidoto kidogo kabisa cha picha, ya Landsat, setilaiti za Marekani zinazopiga picha za dunia, ni mita 30 kwa 30, kwahiyo kutoka huko juu kichaka kilichostawi na msitu mchanga si rahisi kuvitofautisha. Ndo akaanza kutueleza alivyokaa na wenye mradi kuwaambia matokeo hayo, yani kile kitu ambacho kila mmoja wetu anakiogopa, na hapohapo mkutano ukakatika. Tukatuma linki mpya, waliorudi wachache, na yeye mwenyewe bando likawa limeisha. Mpaka leo hatujasikia alisemaje, na hapo ndipo palikuwa na somo lenyewe.

Mtu wa nje anaweza kuuliza kwani vikao vya nini, si kuna miongozo? Ipo, na tunaiheshimu. Vigezo vya kutathmini miradi vya OECD, ule umoja wa nchi nyingi zilizoendelea, vipo tangu 1991 na mwaka 2019 vikafanyiwa marekebisho vikawa sita, vinakupa maswali mazuri ya kuuliza. Lakini havikai na wewe usiku unapoandika ripoti. Mradi una miaka 3, msitu unahitaji miongo, na wewe unaitwa mwishoni kabisa, data za awali hakuna aliyezikusanya na mfadhili anataka jibu moja, pesa imefanya kazi au haijafanya. Ukilinganisha ndani ya hifadhi na nje unaweza ukadanganyika vizuri tu, kwasababu hifadhi nyingi zimewekwa milimani na mbali na barabara, sehemu ambazo hata bila hifadhi watu wasingeenda kulima. Au unakuta ukataji umepungua ndani ya mradi kumbe umehamia upande wa pili wa mpaka. Haya mambo unayajua kitabuni, ila kuyasimamia mbele ya watu waliokuajiri, ukiwa peke yako, ni kitu kingine kabisa, na wengi wetu ofisini hatuna hata mtu mmoja mwingine anayefanya kazi hii.

Kwenye vikao hivi mwenzako anakwambia mimi nilifanya hivi. Kuna dada alikwama na mradi usio na data za awali hata mstari mmoja, akamsikia msemaji akieleza kwamba picha za Landsat zinarudi nyuma mpaka 1972 na tangu 2008 zinatolewa bure kwa yeyote, akaenda akatengeneza picha ya hali ilivyokuwa kabla ya mradi, alafu akarudi kikao kilichofuata akatufundisha sisi. Hiyo faida hakuna aliyeilipia hata senti. Wasemaji wetu hawalipwi, hawajawahi kudai.

Tunachoomba ni kidogo ukilinganisha na hayo. Akaunti ya kulipia ya mwaka mzima, hiyo ndo ya kwanza. Bando kwa wasemaji na kwa wale walioko vituo vya mbali ambao mtandao wao wanaununua kwa taabu, maana hao ndo wanaoona miti yenyewe. Ikibaki, mkalimani wa lugha ya alama, tuna wenzetu viziwi wawili wanaosubiri muhtasari wa maandishi siku kadhaa baada ya kila kikao, na hilo kwa kweli linatuuma.

Mwaka jana mlitoa bila kusukumwa, tukanunua maikrofoni na sehemu ya kuhifadhia rekodi, Mungu awazidishie. Wapo pia walioahidi kwenye kikao mbele ya wote na bado hatujawaona, hatuwataji, tunawakumbusha kwa upendo tu. Na wewe uliyepandishwa cheo baada ya kutumia mbinu uliyoisikia hapa, umefurahi na sisi tumefurahi na wewe, sasa geuka nyuma uwaangalie na wanaokuja. Kutoa ni moyo.

Hesabu zitakuwa wazi, risiti zote zinawekwa kwenye grupu na mweka hazina atasoma mapato na matumizi kila robo mwaka. Mchango tuma kwa mweka hazina kupitia namba mliyonayo, siyo kwa mtu mwingine yeyote hata akijitambulisha kuwa ni wa kamati. Tunafunga mwisho wa mwezi huu ili kikao kijacho kianze na yuleyule msemaji aliyekatikiwa, amekubali kurudi kumalizia. Asiye na pesa saa hizi ajitolee kusimamia rekodi au kuzungumza, hata kama ni mara yako ya kwanza, na asiyetaka jina lake lisomwe aandike tu "bila jina" anapotuma.