Mpwa wangu, njoo kwa basi

Mpwa wangu,

Mbukwa. Ujumbe wako niliupata wiki iliyopita, na video uliyoniomba sijakutumia. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu si wewe peke yako. Vijana watatu wa ukoo wetu wameniomba jambo hilo hilo mwaka huu: niweke simu, nipige taratibu ilimba, kile kisanduku chetu cha Kigogo chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, niwatumie mjifunze huko mliko.

Usidhani nimepuuza. Niliegemeza simu kwenye sufuria nikapiga wimbo mzima. Nilipoitazama ile video nikagundua kwamba anayenitazama kwa mbele havioni vyuma. Anaona kisanduku, anaona vidole vilivyoshika ubavu, na ncha za vidole gumba zikipanda na kushuka kama watoto wanaochungulia ukutani. Kidole kipi kimegusa chuma kipi, huwezi kujua. Nikamwomba mkaza mjomba wako anishikie simu begani. Safari hii vyuma vilionekana vizuri, ila mlio ukatoka mwembamba. Ule mvumo wa kama nyuki, ambao ndio unaomfanya Mgogo ageuze shingo akisikia ilimba hata kwa mbali, haukuwamo. Simu ilikuwa imeuchuja kama uchafu.

Nikakumbuka ulivyokuja mara ya mwisho. Ulifika Jumamosi mchana, Jumapili jioni ukaondoka, na katikati ulitoa simu, ukafungua ile programu ya kupima sauti, ukaniambia ilimba ya babu yako imeharibika. Kisha ukaanza kuvisukuma vyuma mbele na nyuma hadi simu ikaridhika. Sikukukataza, lakini iliniuma. Haikuwa imeharibika, mpwa wangu. Uzi mmoja ukiupiga hutoa sauti yake kubwa, na juu yake kuna sauti nyingine ndogo ndogo zinazopanda kwa mpangilio wake. Wazee wetu walizisikia hizo, na ngazi ya muziki wa Kigogo imefuata humo. Baadhi ya sauti zake zinaangukia katikati ya vibao vya kinanda, mahali ambapo programu yako haina jina. Baada ya wewe kuondoka nilikaa siku mbili nikivirudisha vyuma mahali pake kwa sikio.

Ulikuja kwa treni ya SGR. Sina neno baya juu yake. Tangu Julai 2024 mtu anatoka Dar hadi Dodoma chini ya saa nne, na mama yako alipougua ndiyo iliyoniwahisha. Lakini kwa jambo hili la ilimba nakuomba upande basi, na ukae siti ya mbele karibu na dereva kama itapatikana. Najua utachoka. Basi lina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, vijijini 50, kuna mizani, kuna trafiki, kuna kushuka kuchimba dawa. Nataka hizo saa zote uzikae ukimtazama mtu anayefanya kazi yake.

Mimi udereva niliupata hivyo. Nilikuwa utingo kwenye lori la mahindi la Kibaigwa, miaka miwili na nusu, kabla sijagusa usukani barabarani. Yule dereva hakuwahi kunieleza kitu. Tukianza kuteremka alikuwa anashusha gia mapema, kabla hata sijaona sababu, halafu ananitupia jicho mara moja na kurudisha macho barabarani. Nilikuwa nasikia injini inavyobadilisha sauti chini ya miguu yangu. Siku aliponipa usukani, mkono wangu ulishusha gia mahali pale pale kabla sijawaza. Alinyamaza, akafungua karanga zake akala. Hapo ndipo nilipojua nimefaulu.

Nimemfikiria sana pia Hukwe Zawose, yule mzee wetu wa Dodoma aliyehamia Bagamoyo, akafundisha pale Chuo cha Sanaa ambacho leo tunakiita TaSUBa, na kufariki mwaka 2003 akiwa ameifikisha ilimba kwenye majukwaa ya dunia. Kwa mila zetu ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume. Wanawake walikuwa na muheme, wanaibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa namna ambayo hakuna mwanaume anayewafikia, na walikuwa waitikiaji. Leo binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wanasimama mbele kabisa, wao ndio wenye kikundi, Zawose Queens. Miaka yote ile walikuwa pale pale, karibu na vyuma, wanaitikia. Kwa hiyo ukija, njoo na dada yako. Yeye aliuliza maswali machache kuliko wewe, na nilimwona alivyokuwa anatazama vidole.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Januari 2014 nilikuwa natoka Kibaigwa na mzigo kwenda Dar, mvua ikanyesha usiku kucha huko milimani, mafuriko yakaikata barabara pale darajani Magole, karibu na Dumila. Malori na mabasi yakapanga foleni pande zote mbili. Tulilala pale. Watu walikuwa wamepoteza nyumba, wengine wamehamia barabarani na magodoro, na sisi tulioketi kwenye magari tulikuwa na aibu hata ya kulalamika.

Kwenye basi lililokuwa nyuma yangu alikuwemo mzee mmoja, amebeba ilimba kwenye mfuko wa sandarusi. Unyevu ulikuwa umeipasua ngozi ya tundu. Unalijua lile tundu la mbele ya kisanduku. Tunalifunika kwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake, na huo ndio unaotetema na kutoa mvumo. Mzee aliniona nina tochi, akaniashiria nimmulikie. Tukazunguka nyuma ya kibanda cha mama ntilie. Akapapasa ubao, akapata utando mmoja, mdogo kama kucha ya dole gumba, akaubandua kwa ncha ya kisu taratibu sana kuanzia pembeni, akaupuliza. Akalowesha kidole kwa mate, akapaka ukingo wa tundu, akaubandika, akaukandamiza kwa kuzunguka, si kwa kupitisha kidole katikati. Akapiga chuma kimoja. Akatikisa kichwa. Akaubandua, akautupa, akatafuta mwingine mwembamba zaidi. Mara ya tatu ilimba ikavuma, na mama ntilie aliyekuwa anakoroga uji akainua kichwa.

Akapiga hadi saa sita usiku, taratibu, kwa sababu ya waliofikwa. Mimi nilikaa kulia kwake, bega kwa bega. Wimbo niliujua, babu alinifundisha sauti moja nikiwa mdogo, nikaiacha nilipoanza safari za lori. Begani nikahisi kidole chake cha kushoto kinaanza kabla ya cha kulia, kidogo tu, kitu ambacho nilikuwa nimekisikia utotoni na kukikosa kila nilipojaribu peke yangu.

Jioni ya pili unyevu uliupasua tena ule utando. Safari hii mzee alinipa ilimba mkononi, tundu likiwa wazi, akageuka akaendelea kunywa chai yake.

Basi, panda la asubuhi. Ukishapita Morogoro kaa macho. Dakawa utavuka Mto Wami, kisha Dumila. Pale darajani tazama upande wa juu unakotoka mto. Gairo utasikia upepo umepoa, nunua viazi vitamu vya kutuletea. Baada ya Kibaigwa mibuyu itaanza kuongezeka na ardhi itakuwa nyekundu. Usishuke Dodoma mjini, mwambie konda akushushe Buigiri, nitakuwa barabarani na baiskeli.

Ilimba ya babu yako nimeiweka juu ya kabati. Vyuma vimekaa sawa. Utando uliokuwapo nimeubandua jana, tundu liko wazi, na nyuma ya jiko, kwenye ule ubao wa kushoto, kuna tando tatu ambazo nimemkataza mkaza mjomba wako asizifagie hadi utakapofika.

Mjomba wako, Buigiri