Masikio yanayolia usiku kucha si mawazo tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hii ishu ya masikio kulia, maana wenye nayo ni wengi kuliko tunavyodhani ila wamenyamaza kwa sababu kila wakisema wanaambiwa ni stresi tu, punguza mawazo. Wataalamu wanaiita tinitasi. Kuna utafiti ulitoka 2022, ulikusanya tafiti za miaka mingi kutoka nchi tofauti, ukakadiria watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wanayo, karibu asilimia 14, na zaidi ya milioni 120 inawatesa kweli kweli. Jamani, wote hao wanajitungia?

Mwingine anasikia filimbi, mwingine mvumo, mwingine kama nyenje, na aliye pembeni yake hasikii kitu, ndo maana haaminiki. Mchana afadhali, kelele za watu na magari zinaufunika ule mlio. Shida ni usiku. Taa zimezimwa, nyumba imetulia, wenzake wanakoroma, kwake ndo kwanza mlio unapanda, anageuka huku anageuka kule, anawasha redio kwa sauti ya chini kabisa ili tu asibaki nao peke yake, saa tisa inamkuta macho na asubuhi kazi inamsubiri. Wiki zikipita hivyo anakuwa mkali, anasahau vitu, anakwepa watu, wengine wanaishia kwenye sonona kabisa, halafu nyumbani wanasema siku hizi kabadilika.

Na kitu chenyewe kina sababu. Mara nyingi seli za ndani ya sikio zimeumia kwa makelele au umri, sasa ubongo ukikosa taarifa kutoka huko unajiongezea volyumu wenyewe. Wakati mwingine ni nta tu imeziba, au ni dawa kama kwinini na gentamaisini (usiziache kabla hujamuuliza daktari).

Kinachoniuma zaidi ni mtu kwenda hospitali akaambiwa hakuna dawa, utazoea, basi. Kweli kidonge cha kuuzima mlio hakuna, lakini msaada upo: vifaa vya kusikia kwa ambao usikivu umepungua, sauti laini chumbani usiku, na ile tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kubadili anavyoupokea mlio, hiyo imefanyiwa utafiti na inapunguza mateso. Kumwambia mtu azoee bila kumwonyesha anazoeaje ni kumtelekeza. Tena kama mlio umekuja ghafla na sikio limeacha kusikia, huyo asisubiri hata wiki, awahi hospitali, na kama unadunda sawa na mapigo ya moyo apimwe pia.

Ombi langu Mhariri, mtafute daktari wa masikio na mshauri wa afya ya akili, muwape ukurasa mmoja wajibu maswali ya wasomaji, maswali mtayapata mengi.

Msomaji wenu wa kila siku