Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wafugaji wa Ng'ombe wa Nyama, Machakos

Waheshimiwa wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ninawasilisha taarifa ya mwaka unaomalizika. Chanjo ilitolewa, josho la kuogeshea ng'ombe lilifanya kazi isipokuwa majuma ya kiangazi maji yalipokatika, na mnada wa Desemba ulikwenda vizuri. Hayo mnayajua, na hesabu zake atazisoma mweka hazina.

Linalohitaji maelezo ni mizani. Uamuzi wa kununua mizani ya kupimia ng'ombe badala ya kusakafia josho upya umezua maneno mengi, na baadhi yenu mmedai kwamba mimi binafsi ninawatumikia watu wa nje wanaotaka kuhesabu gesi ya ng'ombe wetu. Naomba ieleweke kwamba uamuzi huo ulipigiwa kura katika mkutano uliotimiza akidi, na kwamba wengi wa wanaolalamika leo hawakuhudhuria siku hiyo.

Ng'ombe anapokula majani, vijidudu vilivyomo katika tumbo lake la kwanza huyachachusha na kutoa gesi ya methani, ambayo karibu yote hutoka mdomoni anapopiga mbweu. Kwa hesabu za jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, kilo moja ya gesi hiyo hupasha dunia joto mara 27 kuliko kilo moja ya kaboni dioksaidi katika kipindi cha miaka 100. Mwongozo wa jopo hilo wa mwaka 2006 uliweka kiwango cha jumla kwa nchi zisizo na vipimo vyake: kilo 31 za methani kwa mwaka kwa kila ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa. Kwa kiwango hicho, mwenye kutunza na asiyetunza huandikiwa sawa, jambo ambalo mimi nimelipinga kila nilipopata nafasi.

Chukueni maksai wawili, kila mmoja akitoa mzoga wa kilo 150. Aliyefikia hapo kwa miaka 5 atakuwa ametoa kilo 155 za methani, sawa na takriban kilo 28 za kaboni dioksaidi kwa kila kilo ya nyama; aliyefikia kwa miaka 3 atakuwa ametoa kilo 93, sawa na takriban kilo 17, na hapo samadi na gesi ya mama yake hazijahesabiwa. Tofauti hiyo haionekani kwa kumtazama ng'ombe zizini. Katika kupima kwa Oktoba, maksai mmoja wa aina ya Borana, ambaye mwenyewe aliapa kwamba amenenepa, alisimama juu ya mizani na kuonekana amepungua tangu Julai; miezi yote hiyo alikuwa akipiga mbweu kila siku bila kuongeza hata kilo moja ya nyama. Alipewa dawa ya minyoo wiki hiyohiyo. Mizani hiyohiyo humlinda mfugaji mbele ya dalali anayekadiria kwa jicho.

Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ina vyumba maalumu Nairobi ambamo ng'ombe hufungiwa ili hewa anayoitoa ipimwe. Sisi hatuna uwezo huo wala hatuuhitaji, kwa kuwa kanuni za kukadiria methani zinategemea uzito, ongezeko la uzito na ubora wa malisho, na uzito tunaweza kuupata wenyewe.

Kinachonisikitisha ni mahudhurio. Siku za kupima huja walewale wachache, na daftari lenye mapengo haliwezi kumshawishi mnunuzi wala mtafiti. Aidha, zaidi ya nusu ya wanachama hawajalipa ada, ilhali malimbikizo hayo yangetosha kusakafia josho hilohilo linalodaiwa kwamba nimelinyima fedha.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, kamati inatarajia kuzungumza na kaunti na watafiti ili takwimu zetu zipate pa kutumika, na kutafuta njia ya kusambaza mashambani samadi inayorundikana mazizini, ambayo nayo hutoa gesi. Wenye madeni wanaombwa kumwona mweka hazina kabla ya uchaguzi kuanza, kwa sababu katiba yetu haimruhusu mdaiwa kupiga kura.

Mwenyekiti