Nimeirudia bustani, nikakuta ndago na minyoo fundo: nianze na lipi?

Ndugu mshauri wa kilimo, salaam sana.

Naandika kutoka Morogoro kuhusu bustani ya mboga ya nyumbani iliyolala miaka kadhaa bila jembe, na sasa nimeirudia. Raha yake imerudi yote: mchicha wa kung'oa asubuhi ukiwa bado na umande, harufu ya majani ya nyanya mikononi, watoto kugombania nani amwagilie. Kwa hiyo moyo ninao. Ninachoomba ni ushauri wa mpangilio, kipi kitangulie, kwa sababu matatizo mawili niliyoyakuta yanalindana, na nikishughulikia moja peke yake naliacha jingine lilishe mwenzake.

Eneo ni mita 12 kwa 8, udongo tifutifu wenye kichanga kingi, maji ya kisima. Kuna matuta manane, kila moja upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Rutuba si tatizo. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri imetiwa ndoo ya lita 20 kwa kila mita 2 za mraba na kuchanganywa hadi kina cha sentimita 15. Matuta mawili ya karibu na ukuta yanazaa vizuri kabisa kwa samadi hiyohiyo na maji hayohayo. Shida iko kwenye sita yaliyobaki.

Nianze na ndago. Nimechimba mche mmoja taratibu kwa kijiti ili nione umeshikwa na nini. Shina ni la pembetatu, majani yanang'aa, na chini ya shina pamevimba kidogo. Kutoka hapo unashuka uzi mwembamba kama sentimita 10 hadi kwenye kiazi cheusi cha ukubwa wa karanga, kisha uzi mwingine hadi kiazi cha pili, kisha cha tatu. Ukivuta kwa mkono, uzi hukatika juu ya kiazi cha kwanza na ndago hurudi upesi. Ukilima kwa jembe la kawaida ni hasara zaidi. Viazi vya nyuma kwenye mnyororo hulala kwa sababu vile vya mbele vimetangulia kuchipua. Ukikata mnyororo, kila kiazi kinakuwa huru na vyote vinaota. Ndiyo maana tuta lililolimwa "safi" hurudi limejaa kuliko mwanzo.

Ninachofanya sasa ni kuchimba kwa jembe lenye meno hadi sentimita 20 au 25, kukung'uta udongo na kuokota viazi kwenye ndoo. Vinaanikwa juu ya bati mpaka ukikivunja kimoja ndani kiwe kikavu na cha kahawia. Kikiwa bado cheupe, ni kizima. Kwenye shimo la mboji haviendi kamwe, kwa sababu pembeni mwa lundo la nyumbani joto halifiki kiwango cha kuviua, na vikirudi bustanini na mboji ni kama umevipanda kwa mkono wako. Kazi hii inakwenda, ila ni ya goti na uvumilivu, na viazi vya chini zaidi vinabaki.

Tatizo la pili ni minyoo fundo, vijiminyoo vya udongoni vinavyoingia kwenye mizizi na kuivimbisha. Nyanya zilidumaa, zikawa zinanyauka saa sita mchana na kuamka jioni, hata udongo ukiwa na unyevu. Kwa kuwa mnyauko bakteria nao upo ukanda huu, nilikata kipande cha shina karibu na ardhi na kukining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Mmea ukiwa na bakteria, baada ya dakika chache hutoka uzi mweupe wa maziwamaziwa unaoshuka ndani ya maji. Haukutoka. Nilipong'oa mche, jibu likaonekana: mizizi imejaa vifundo, vingine vimeungana hadi mzizi mzima umenenepa na nywele za kunyonya maji hazipo. Hivi si vile vifundo vyema vya kunde, ambavyo hukaa ubavuni mwa mzizi, hubanduka kwa ukucha na ndani huwa na wekunduwekundu. Hapa mzizi wenyewe ndio uliovimba.

Ili nijue minyoo imeenea wapi, nilichukua udongo wa kila tuta kwenye kopo lake na kupanda mbegu za tango, kisha baada ya wiki nne nikaosha mizizi. Makopo ya matuta ya ukutani hayakuwa na kitu. Mabaya zaidi yalitoka kwenye matuta mawili yaliyo karibu na mpapai. Nalipendekeza jaribio hili kwa yeyote anayerudia bustani ya zamani, maana halina gharama na linakupa ramani kabla hujapoteza miche.

Sasa kiini cha swali. Ndago yenyewe hulisha minyoo fundo. Hata nikiacha kupanda nyanya, bamia na bilinganya kwa mwaka mzima, mizizi ya ndago inaendelea kuwatunza ardhini. Kwa hiyo "pumzisha tuta", ushauri ambao kila mtu ananipa, kwenye bustani yenye ndago haupumzishi chochote. Nadhani ndivyo ilivyokuwa miaka yote bustani ilipokuwa imelala.

Njia ninazoziona ni tatu. Ya kwanza ni kulitumia jua la kiangazi, kuanzia sasa hadi Oktoba: kugeuza udongo kwa kina, kutomwagilia hata tone, na kuugeuza tena kila baada ya wiki mbili. Ukavu unaua viazi vya ndago vilivyo juu na kupunguza mayai ya minyoo.

Ya pili ni kuupasha udongo kwa jua chini ya nailoni angavu mwezi Januari na Februari, kati ya vuli na masika. Udongo unasawazishwa, unaloweshwa hadi sentimita 30, nailoni nyembamba inatandazwa ikigusa udongo na kingo zake zinafukiwa kwa wiki sita. Nyeusi haifai, kwani ncha kali ya ndago huitoboa na kutokea juu. Chini ya nailoni angavu jani huona mwanga, hufunguka likiwa bado ndani na kuungua. Wasiwasi wangu ni mawingu: vuli hapa mara nyingine huvuta hadi Januari, na joto bila jua kali halishuki chini vya kutosha. Viazi vya kina kirefu sidhani kama vitaguswa.

Ya tatu ni marejea, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa ili kufukiwa na kurutubisha ardhi, ambao Wabenediktini, watawa Wakatoliki wa Peramiho, waliuhimiza sana kwa wakulima. Minyoo huingia kwenye mizizi yake lakini haizaliani vizuri humo, na marejea ikisimama vizuri hufunika ardhi, nayo ndago haipendi kivuli. Ila wiki za mwanzo, marejea ikiwa bado changa, ndago huwa imeshatangulia.

Dawa ya magugu yenye glaifosati niliambiwa dukani kwa muuza pembejeo. Siitaki, kwanza kwa sababu kisima kiko karibu, na pili kwa sababu inasafiri hadi kwenye kiazi chenye jani linalokua tu. Viazi vilivyolala havipati kitu, kwa hiyo ningerudia kupiga kila mara kwenye eneo ninalolisha familia.

Mwelekeo wangu ni kukausha matuta sita sasa kiangazi, vuli ikianza nisiache ndago ifikishe wiki tatu juu ya ardhi, nailoni iende kwenye yale mawili ya mpapai tu, kisha marejea kote masika. Naomba unisahihishe hapo kama mpangilio una kasoro. Je, kwa mita za mraba 30 nirushe mbegu za marejea kiasi gani ili zizibe nafasi kabla ndago haijasimama, na niikate na kuifukia ikiwa na umri gani? Wenzetu wa magharibi mwa Kenya hula majani ya jamii hiyo kwa jina la mitoo. Je, marejea ya mbegu tunazopata hapa inafaa kuliwa, au niiachie ardhi peke yake?

Kuna jambo jingine ambalo lingenipa mboga bila kusubiri. Mchicha nao hushambuliwa na minyoo fundo, lakini kwenye joto letu mnyoo huhitaji takriban wiki nne kukamilisha kizazi. Nikipanda mchicha kwa wingi na kuung'oa wote na mizizi yake siku ya 21, minyoo iliyoingia inatoka nayo kabla haijataga. Kwa maandishi inapendeza. Je, kwa mkulima inapunguza kweli, au mizizi inayokatikia ardhini inatosha kuharibu hesabu? Nikichelewa wiki moja tu, nitakuwa nimewafuga.

Mwisho ni nyanya. Baadhi ya pakiti za mbegu huandikwa herufi N, yaani zinastahimili minyoo fundo, lakini kinga hiyo hulegea udongo ukipita nyuzi joto 28. Je, kwa Morogoro nizipande tu ili miche ikue miezi ya baridi, Juni na Julai, au kuna mbegu uliyoiona ikishikilia hata vuli? Kama hakuna, nyanya zote nitazihamishia kwenye matuta mawili ya ukutani, na hapo naomba kujua nizizungushe na zao gani, maana matuta hayo nayaonea wivu na sitaki nami niyaambukize kwa jembe nisilolisafisha.

Wako msomaji,
Morogoro